Hata Njaa Inasubiri: Kwa Nini Nimeifuta Video Yangu ya Dar

Wengi mmeniuliza kwenye inboksi ile video ya Dar imeenda wapi. Kuna waliosema nimetishwa, na mmoja akaandika eti nimelipwa na serikali ya Tanzania. Natamani ningelipwa. Nimeifuta mwenyewe, Jumanne usiku, nikiwa nimekaa juu ya godoro sebuleni kwa watu, feni inapiga kelele juu ya kichwa. Ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara laki tatu. Mimi ni mtu ambaye video yake kubwa kabla ya hapo ilikuwa ya ndovu akibomoa tangi la maji la jirani yetu, na hiyo ilifika elfu kumi na nane tu. Kwa hivyo msidhani sikuhisi uchungu nikibonyeza kufuta.

Leo hakuna video. Nimeandika tu, juu kuna mtu aliniambia nisirekodi, na mkisoma mpaka mbele mtaelewa. Ni ndefu kidogo. Kama uko kwa foleni ya benki, hii ni yako.

Kwa wageni wa ukurasa huu: natoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau, Taita Taveta. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipoisha kabla ya kozi kuisha, na tangu siku hiyo natengeneza video. Mamangu ana kibanda cha mboga na mandazi pale Rukanga, na bado hunitambulisha kwa watu kama "huyu wetu wa chuo, yuko likizo." Likizo yangu ina miaka miwili sasa.

Nje ya Kenya nilikuwa sijawahi kulala hata siku moja. Nje, kwangu mimi, ilikuwa ni kusimama Taveta na kuangalia Holili ng'ambo ya pili. Halafu nikapata pasipoti, na rafiki yangu mmoja akaniambia ana shangazi yake anaishi Tandika ambaye hawezi kukataa mgeni. Nikauza mbuzi wawili (mmoja alikuwa wangu kabisa, wa pili tutaongea na ndugu yangu nikirudi) na nikapanda gari. Voi, Mwatate, Taveta. Nikavuka mpaka, nikalala Moshi, asubuhi na mapema nikaingia basi, na magharibi ilinikuta Mbezi kwenye ile stendi kubwa ya mabasi, nimeshika begi kwa mikono miwili kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa wacha niseme kitu kabla sijaanza kujilaumu, juu najua kuna watu watasoma hii na kusema eti mgeni asiseme chochote. Hapana. Macho ya siku ya kwanza yana kazi yake. Mwenyeji ameshazoea, haoni tena. Mimi siku ya kwanza niliona kila kitu. Joto la Dar si kama letu. Letu la Kasigau ni kavu, linakuchoma kwa nje, ukipata kivuli cha mkwaju umepona. La Dar linaingia ndani ya nguo na kukaa. Unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa shati umeshalowa tena. Niliona watu. Sensa ya 2019 ilisema Taita Taveta nzima, kuanzia Voi mpaka Taveta mpaka Wundanyi, tuko watu 340,671. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake, sensa yao ya 2022, ni watu 5,383,728. Yaani chukua kaunti yetu yote, ikunje, uiweke ndani ya mji huo karibu mara kumi na sita. Na siku ya kwanza ilionekana wote wameamua kupanda mwendokasi pamoja na mimi. Hayo ni mabasi marefu ya bluu yenye barabara yao wenyewe katikati ya barabara, yalianza 2016. Yakiwa matupu ni raha kuliko matatu yoyote niliyowahi kupanda. Tatizo ni hilo neno matupu.

Na lugha. Sisi Wakenya tunaenda Tanzania tukijua tunajua Kiswahili. Nilipata B ya Kiswahili, na naitaja hapa kwa sababu ilinisaidia kidogo sana. Nilimuuliza kijana mmoja, "Boss, steji iko wapi?" Akaniangalia na huruma, akauliza, "Steji ya nini kaka, kuna tamasha?" Wao husema kituo. Jioni yake shangazi wa Tandika akaniuliza kwa upole kabisa, "Na bibi yako hajambo?" Nikamwambia, "Bado shangazi, sijaoa." Watu wazima wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Kwetu bibi ni mke. Kwao bibi ni nyanya, mama ya mama yako. Nyanya nayo kwao ni ile ya kupika kwa mboga. Kwa hivyo ukisema nyanya yako ni mgonjwa, unajua mwenyewe wataelewa nini.

Pesa nayo. Shilingi yetu moja ni kama ishirini zao, kidogo juu au chini kulingana na siku na sura ya anayekubadilishia. Nilitoka mpakani na laki kadhaa mfukoni nikitembea kama mbunge. Siku tatu baadaye nilikuwa nahesabu za nauli.

Hayo yote niliyaposti na hayana shida. Kucheka joto, kucheka lugha, kujicheka mwenyewe, hakuna aliyeumia. Shida ni ile video ya nne.

Ilikuwa siku yangu ya pili mjini. Niko Kariakoo, kwenye kichochoro kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa, njaa imenishika na kichwa kinauma. Saa nane mchana. Nikaona mama ntilie, ana benchi mbili na meza ya mbao, masufuria yamefunikwa. Amekaa amejiegemeza ukutani, kanga begani, macho amefumba. Nikasimama mbele yake nikasema, "Nipe chai na chapo mbili, haraka kidogo." Akafungua macho. Akaniangalia. Akasema, "Karibu. Subiri kidogo." Akafumba tena.

Nikakaa. Dakika tano. Kumi. Akaja mzee mmoja, wakasalimiana, za nyumbani, za watoto, za yule mgonjwa, mpaka mimi nikajua hali ya mgonjwa. Dakika ishirini. Nikatoa simu, nikaielekeza kwake bila kusema kitu, nikajigeuza nikaweka uso wangu pembeni ya picha, nikasema kwa sauti ya chini: "Wasee, karibuni Dar es Salaam, ambapo hata njaa inasubiri."

Basi. Sekunde kumi na nne. Nikaweka maneno juu yake: kwa nini Watanzania hawana haraka. Nikaweka na muziki. Chai ikaja, nikanywa, nikalipa, nikaenda.

Mnajua kilichofuata, wengi wenu mmeingia ukurasa huu kwa hiyo video. Wakenya wakaja kwa wingi: hiyo nchi imelala, hao watu ni wavivu, ndio maana hivi na vile. Watanzania nao wakaja: nyinyi Wakenya hamna adabu, mnaongea kama mnafukuza mbuzi, hata salamu hamjui. Walikuwa wanapigana usiku kucha chini ya uso wa mama mmoja ambaye hakuna hata mmoja wao alimjua. Na mimi nilikuwa nimelala hapo Tandika nikisasisha ukurasa kila dakika, nimefurahi. Kwenye hii kazi yetu komenti ni komenti. Mtu akikutukana, namba inapanda vilevile. Siku iliyofuata mwenye duka moja la simu Voi akaniandikia, anataka nimtangazie. Ni mara ya kwanza mtu ananitafuta mimi. Sikuweza kula vizuri kwa furaha.

Siku ya tano nikarudi kwenye kile kichochoro. Nitasema ukweli, sikurudi kuomba msamaha. Nilirudi kutengeneza sehemu ya pili.

Nilipofika tu nikajua kuna kitu. Vijana wawili wa kubeba mizigo waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Yule mama alikuwa anakosha sahani. Akainua macho, akajipangusa mikono kwa kanga, akasema, "Mwanangu, hebu kaa." Si kwa ukali. Ningependelea angenifokea. Nikakaa.

Akaniuliza, "Ile picha ni wewe?" Nikasema ndio. Akasema mtoto wa dada yake ndiye alimwonyesha, na alimsomea yale maneno ya watu, machache, akamwambia aache. Kisha akauliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana kibanda. Mboga na mandazi."

"Na yeye huwa anakaa?"

Sikuwa na jibu. Mamangu hukaa. Saa nane mchana, wakati jua limesimama na hakuna mteja, hukaa kwenye kreti ya soda, anavua viatu, anafumba macho. Nimemwona maisha yangu yote akifanya hivyo na sijawahi kufikiria ni uvivu. Ameamka saa kumi kukanda unga.

Huyu mama akaniambia yake. Anaishi Mbagala. Anaamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja yuko Feri kununua samaki, kutoka hapo Kariakoo, anawasha jiko, anapika supu ya wapagazi wa asubuhi, halafu chakula cha mchana. Siku ile niliyokuja mkaa ulikuwa umemwishia, ametuma kijana, kijana amechelewa. Ndio maana chai ilikawia. "Na wewe ulikuja kama askari," akasema. "Hukusema hata habari za mchana. Nikasema huyu mtoto ana njaa, nimwache, atapoa." Alikuwa ananionea huruma, na mimi nilikuwa nawasha kamera.

Nikamuomba msamaha. Akasema haya. Nikamuomba kama naweza kuja naye Feri siku moja nione, nirekodi kazi yake, watu wajue ukweli. Nilidhani hilo litamfurahisha. Akasema, "Kuja, njoo. Kurekodi, hapana." Nikasema lakini mama, itakusaidia, watu watakuja kununua. Akasema wateja anao.

Kwa hivyo Jumanne saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Soko la Feri, simu mfukoni. Hii sehemu nitaieleza pole pole kwa sababu ni kitu kizuri zaidi nilichoona Dar, na hamtakiona.

Bado giza. Taa za kigamboni ng'ambo ya maji, na pantoni inavuka imejaa watu wamesimama na baiskeli na pikipiki. Sakafu yote maji, watu na mabuti ya mpira, mimi na ndala. Mnada wa samaki ni kelele lakini ni kelele yenye utaratibu: rundo linawekwa chini, mtu anaanza bei, inapanda kwa vidole na nyusi, na kabla hujajua nani amenunua rundo limeshaondoka. Huyu mama mfupi, mpole, aliyefumba macho kwenye video yangu? Hapo alikuwa mtu mwingine. Anapita katikati ya wanaume wakubwa, anasukuma, anacheka, anamtukana mmoja kwa utani, anarudisha samaki mmoja mmoja ambao jicho limefifia. Alinunua vibua, akagombana na mtu kuhusu ndoo, akashinda. Alikuwa anatembea haraka mpaka mimi wa miaka ishirini na mbili, niliyezoea kupanda mlima Kasigau, nikabaki nyuma mara mbili. Ningekuwa nimefika Dar siku hiyo na kumwona hapo kwanza, si ningeandika kwamba watu wa Dar hawapumziki kabisa? Na hiyo pia ingekuwa uongo.

Akapakia samaki kwenye bajaji, hapakuwa na nafasi yangu. Akasema nitamkuta mchana. Nikatembea kwa miguu mpaka Posta, nanuka samaki.

Pale Posta, katikati ya barabara ya Samora, kuna sanamu ya shaba ya askari Mwafrika ameinamia mbele na bunduki. Iliwekwa na Waingereza 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Ziko na ndugu zake Nairobi na Mombasa. Kabla ya hapo mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, juu Dar ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka Waingereza walipoichukua 1916. Na hata jina Kariakoo, pale nilipokunywa chai, ni Kiingereza cha vita hivyo kilichogeuzwa na midomo yetu: Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa chakula na risasi za jeshi. Ndiyo Kariokor ya Nairobi pia. Mimi nilikuwa nimezungusha kamera Kariakoo siku nzima na sikujua nimesimama kwenye jina la wabeba mizigo, na wabeba mizigo wenyewe wamekaa benchi moja na mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Kasigau amesimuliwa. Mwaka wa 1915, katika vita hivyo hivyo, Wajerumani walivuka kutoka upande huu wakafika mpaka mlima wetu. Waingereza wakaangalia, wakaamua kwamba watu wa Kasigau wamewasaidia Wajerumani. Wakawakusanya, wazee, wanawake, watoto, wakawahamisha mpaka Malindi. Watu wa mlimani, kwenye joto na malaria ya pwani. Wengi walikufa huko. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi kwenye mlima wao mpaka miaka ya 1930. Kuna ukoo kwetu ambao hesabu yake ya mababu inakatika hapo tu.

Najua. Video ya chai na kuhamishwa kwa watu si kitu kimoja, msije kuniandikia kwamba nalinganisha. Lakini nilisimama pale nikajiuliza wale maafisa walikaa na watu wetu siku ngapi kabla ya kuamua sisi ni watu wa aina gani. Na waliuliza nani.

Halafu kuna yangu mwenyewe. Sijawahi kuisema hapa. Nikiwa na miaka kama kumi na moja, mwaka wa ukame, kulikuja wageni na kamera. Kasigau wageni ni wengi, si mnajua, kuna ndovu, kuna mlima, kuna ile biashara ya hewa ya ukaa ambayo imeleta watu wa kila aina na daftari. Hawa walikaa asubuhi moja. Mimi nilikuwa natoka kuchunga mbuzi, nimevaa shati la kuchungia, limepasuka hapa begani mpaka mbavuni. Kila mtoto wa kuchunga ana shati kama hilo. Shati langu zuri lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa, linangoja Jumapili. Mmoja wao akapiga magoti mbele yangu na kunirekodi. Akaniambia kwa Kiingereza nisitabasamu. Hilo nilielewa.

Miaka baadaye, nikiwa chuo, rafiki yangu akaipata kwenye mtandao. Niko hapo. Kuna muziki wa piano. Maandishi yanasema mtoto huyu hana chochote. Kwa nyuma kabisa, kwa sekunde moja, unaona kamba na shati jeupe.

Nilikasirika wiki nzima. Ni moja ya sababu nilianza kutengeneza video, nilitaka sisi tujirekodi wenyewe, na shati zetu. Hiyo ndiyo hotuba yangu, nimeitoa hata kwenye redio Voi. Na safari yangu ya kwanza nje, siku ya pili, nikamfanyia mtu vilevile. Tofauti ni kwamba mimi niliweka muziki wa kucheka.

Sasa nirudi kwenu, hasa nyinyi mnaofanya kazi hii kama mimi. Tumekuwa na mtindo. Mtu anatua Kigali asubuhi, jioni ameshakuwa mtaalamu wa Wanyarwanda. Masaa ishirini na nne Kampala. Mambo kumi yatakayokushtua Zanzibar. Ukweli kuhusu Wabongo. Ukweli gani, wewe ambaye hata choo cha ulipofikia bado unapapasa ukuta kutafuta taa? Tunafanya hivyo kwa sababu siku ya kwanza ndiyo inalipa. Siku ya kumi umeshaelewa, na ukishaelewa huna la kushangaa, na bila kushangaa hakuna anayebonyeza. Mimi sina dawa ya hilo. Kodi ya simu yangu pia inatoka hapo.

Kuna mliosema ni utani tu, na Waswahili hutaniana. Hapa nabisha. Utani naujua, na Watanzania wanaujua kuliko sisi: Mhehe na Mngoni watachambana mpaka msibani, na hakuna anayenuna, kwa sababu kila mmoja ana zamu yake ya kujibu. Huyu mama hakuwa na zamu. Hana hata akaunti. Nilimtania mbele ya watu laki tatu yeye akiwa amefumba macho.

Wengine mmeandika kwamba tukianza kuomba ruhusa kila mtu, kazi imekufa. Labda. Mimi niliomba ruhusa mara moja na nikanyimwa, na matokeo yake ndiyo haya, mnasoma badala ya kutazama. Najua wengi mmeshaondoka aya ya tatu. Lakini nauliza hivi: mara ngapi mmekasirika Mmarekani akija Kibera na kamera? Nimeona komenti zenu, mnajua kukasirika vizuri sana. Akija Mkenya Kariakoo na kamera inakuwa kontenti.

Utaratibu wangu kuanzia sasa ni mdogo, na sijui kama nitauweza. Vitu na hali ya hewa na mimi mwenyewe, nitaposti siku hiyo hiyo. Jengo halina mama. Lakini mtu mwenye uso, nikitaka kusema yeye yukoje, au watu wake wakoje, lazima kwanza nijue aliamka saa ngapi. Na nimsalimie, jamani. Ile "habari za mchana" ambayo sikuisema ingeniokoa kila kitu.

Mamangu aliiona pia, mniamini. Imefika Rukanga kwenye kundi la chama chao. Akanipigia Jumatatu, kabla sijaenda Feri. Nilidhani atanipongeza, mwenye duka la simu alikuwa ameshampitishia salamu. Akaniuliza tu, "Huyo mama, chai yake ilikuwa tamu?" Nikamwambia ilikuwa tamu sana, ina tangawizi na iliki. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Na chapati?" Nikasema chapati pia. Akasema sawa, na akaniuliza nitarudi lini kwa sababu ndugu yangu anatafuta mbuzi wake.

Yule wa duka la simu ameghairi. Sikumlaumu, alitaka kutangaza kwenye ukurasa wenye video ile, na video haipo. Mchana wa Jumanne nilirudi Kariakoo nikala wali na kibua, nikasema nitaifuta usiku. Mama akasema, "Ukipenda." Nikataka kulipa mara mbili, akakataa, akanirudishia chenji yote mkononi, akaihesabu.

Kuifuta hakujasaidia sana, niseme ukweli. Kuna kurasa tatu ambazo zimeichukua, moja imekata sauti yangu na kuweka nyingine inayosema huyo ni mfanyakazi wa ofisi ya serikali amelala kazini. Si kweli, na watu wanaamini. Nimewaandikia wote watatu. Mmoja amenijibu kwa emoji ya kucheka. Kwa hivyo mkiiona, msiisambaze, hata kwa nia ya kumtetea, na mkiweza iripotini. Viungo siweki hapa, najua nyinyi, mtaenda kuangalia.

Jina lake nalijua sasa. Hakuniruhusu kuliandika. Kesho naondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi, na leo jioni napita Kariakoo kuaga kabla hajafunga.